Kuitana moto unapowaka: shajara ya mradi wa vijiji vya juu, upande wa Marangu

Mwishoni mwa Mei

Masika imekatika na njia za juu zimeanza kukauka, kwa hiyo shajara inaanza sasa. Mradi ni huu: vijiji vilivyo juu kabisa upande wa Marangu, vile vinavyopakana na msitu wa Mlima Kilimanjaro, viwe na utaratibu mmoja wa kuitana na kupangana moto kichaa unapozuka, kwa kutumia simu ambazo watu tayari wanazo mfukoni. Gari la zimamoto haliwezi kutufikia kule. Barabara inaishia kwenye vihamba vya mwisho, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa ya nyumbani, na kuanzia hapo ni njia ya miguu na makorongo. Anayewahi kuuona moto ni mkata majani ya ng'ombe, mwokota kuni au mpagazi anayeshuka. Anayewahi kuufikia ni jirani yake.

Wote tuliokaa kupanga jambo hili tulikuwepo Oktoba 2020. Jumapili ya tarehe 11 moto ulianza eneo la Whona, kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, na taarifa za mwanzo za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, zilisema chanzo ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Usiku ule mstari mwekundu ulionekana hadi Moshi mjini, na kabla hakujapambazuka picha zilikuwa zimeshazunguka Facebook, Twitter na magurupu yote ya WhatsApp ya ukoo na kanisa. Watu wapatao 500 walipanda: askari wa hifadhi, Zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wanavijiji. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, ukawaka tena karibu na kambi ya Karanga, juu kwenye mita 4,000 hivi.

Ninachokumbuka mimi ni vijana wa kitongoji chetu wakipita mbio kwenye mgomba, mmoja ana panga, mwingine ana chupa ya maji tu. Walikuwa wameona picha kwenye simu. Hakuna aliyewaita kwa majina, hakuna aliyeandika kwamba wamepanda, na jioni mama zao walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba wakiuliza kama kuna aliyewaona. Simu ilikwisha fanya kazi yake ya kuita. Kazi ya kujua nani yuko juu na nani ameshuka haikuwa ya mtu yeyote, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Juni, baridi imeanza

Tumepita vitongoji vyote na orodha. Swali la kwanza kwa kila nyumba: una simu gani? Jibu limetubadilishia mpango mzima. Simu janja zipo, lakini zipo zaidi kwa vijana wanaoshinda stendi na sokoni mchana. Wanaoshinda juu, kwenye majani na kuni, wana vitochi, zile simu ndogo za vitufe. Anayeuona moto hana WhatsApp, na mwenye WhatsApp hauoni moto.

Kwa hiyo kila mwenye simu janja aliyekubali kujiunga amepewa majirani wake wa vitochi, watano au sita, na namba zao zimeandikwa. Mwenye kitochi akiona kitu anampigia huyo. Huyo ndiye anayeandika kwenye gurupu. Tangazo likitoka, huyohuyo anawapigia wote. Tumewaita wapokezi. Wengi wa waliojitokeza kuwa wapokezi ni kina mama wenye vibanda vya duka, kwa sababu mbili zilizo wazi: hawatoki pale dukani, na simu yao ina chaji muda wote.

Bando ni tatizo la kweli. Mtu akiwa na bando la siku leo, kesho hana. Tumekubaliana kwamba mpokezi asiye na bando atume meseji ya kawaida kwa mratibu, na mratibu ndiye aibandike kwenye gurupu. Isionekane kwamba asiye na bando hana nafasi kwenye mradi.

Mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wa mfongo wetu, mfereji wa asili wa kuleta maji kutoka msituni, kwa miaka mingi, aliuliza kwenye kikao cha kijiji kwa nini tuhangaike na moto unaowaka juu kabisa, kule wanakolipwa askari. Halafu akajibu mwenyewe, kwa kuonyesha mfereji uliokuwa ukipita nyuma ya ofisi ya kijiji na maji yake yaliyobaki. Watafiti nao wamelisema hilo. Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba moto unaoteketeza msitu wa juu, ule unaonasa maji ya ukungu, unatuathiri kwenye maji kuliko kuyeyuka kwa barafu ya kilele cha Kibo. Watu wa nje huja kupiga picha barafu. Sisi tunakunywa ukungu ulionaswa na miti, na mti wa kule ukiungua haurudi kwa umri wa mtu mmoja.

Julai

Mwezi wa kutafuta mtandao. Tumetembea ukingo wote wa msitu, kando ya Nusu Maili, ule mkanda uliotengwa mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na mbao, tukiwa na simu za laini tatu tofauti, tukiandika kila mahali simu inapokamata na inapopotea. Matokeo yamechorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya manila na kupigwa picha. Mgongoni mwa kilima unapata, ukishuka korongoni unapotea, ukipanda ng'ambo unapata tena lakini laini nyingine. Kwa mpanda moto maana yake ni moja: timu isitumwe korongoni bila mtu wa kubaki mgongoni akiwaona kwa macho na akiwa na simu inayokamata. Ndugu zetu wa Rombo wana mkasa wao, simu zao hushika minara ya Kenya bila kuomba ruhusa.

Hali ya juu zaidi imekuwa nzuri kuliko zamani. Agosti 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720, na mpagazi aliyeko huko leo anaweza kutuma picha ya moshi kabla hajatua mzigo. Katikati, kati ya kijiji na Mandara, ndiko kuna giza.

Tumejadili pia siku ambayo mtandao utakuwa haupo kabisa. Mnara wa simu nao unategemea umeme. Na wote tunakumbuka mwisho wa Oktoba 2020, siku za uchaguzi, WhatsApp na Twitter zilipokuwa hazifunguki, wakati majivu ya mlimani hayajapoa vizuri. Kwa hiyo kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti na baragumu vimeingizwa kwenye mpango kama vifaa kamili. Kengele ikipigwa mfululizo siku isiyo ya ibada, watu wanakwenda uwanja wa shule ya msingi. Hawaendi msituni. Wachungaji na imamu wamekubali na wametangaza.

Agosti, wiki za mwanzo

Gurupu limegawanywa. Mwanzoni kila mtu alikuwa mahali pamoja, na ndani ya siku chache likajaa salamu za asubuhi, mistari ya Biblia na matangazo ya parachichi. Hakuna ubaya wowote kwenye salamu, ila mtu akizoea kulipuuza gurupu siku za amani, atalipuuza pia siku ya moto. Sasa kuna gurupu la matangazo ambalo waratibu pekee ndio wanaoandika, lipo kimya wiki nzima, na mlio wake kila mmoja ameuweka tofauti na mingine. Kuna gurupu la wapokezi, la kuripoti. Na kuna la mazungumzo, huko salamu na parachichi ruksa.

Maneno ya gurupu la matangazo ni manne tu, kwa herufi kubwa, ili hata anayesoma kwa shida ayatambue kwa sura. NAONA, yaani kuna taarifa na inafuatiliwa. KAENI, yaani moto upo, jiandae, nenda uwanja wa shule, usipande. PANDENI, likifuatwa na jina la timu na njia. SHUKENI, bila maelezo; ukiliona unashuka kwanza, unauliza baadaye.

Neno tulilolibishania zaidi ni KAENI. Vijana waliona kama la kuwazuia. Mmoja alisema, "Moto unawaka nyumbani kwetu halafu unaniambia nikae?" Nikamjibu kama ninavyoamini: moto wa kwenye mteremko mchana unapanda kwa upepo, kwa sababu jua likipasha mlima hewa inapanda, na anayekimbilia juu yake akiwa peke yake anaweza kufungiwa pande mbili kabla hajafyeka hata mita kumi. Jua likizama hewa inapoa na kuteremka, umande unashuka, miale inapungua. Saa nzuri za kupambana ni usiku na alfajiri. Kukaa saa tatu uwanjani ukinoa fyekeo na kula ni sehemu ya kuzima.

Askari wa hifadhi wa kituo cha karibu amehudhuria vikao vyote viwili vya mafunzo, na tunamshukuru sana. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba tangu msitu wa hifadhi uingizwe ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hakuna timu ya kijiji inayoingia bila KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kujua. Namba ya zamu ya kituo imewekwa juu kabisa ya gurupu, pamoja na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Tumezungumza sana kuhusu nguo. Jezi za mpira wa miguu zinayeyuka na kugandia mwilini. Vaa pamba, shati la mikono mirefu, sweta la sufu kama lipo. Viatu vya ngozi kuliko mabuti ya plastiki. Kitambaa kilicholowa cha kufunika pua. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia kahawa dawa yanafaa sana kwa masalia ya moto, ila yaoshwe kwanza, sumu isipande na moshi.

Agosti, mwishoni

Nimetumia jioni kadhaa kusoma jinsi wengine walivyofanya. Jambo lililonigusa zaidi linahusu programu yenye jina letu wenyewe. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa 2008, katika machafuko ya baada ya uchaguzi, ili watu watume kwa meseji na intaneti yale wanayoyaona na yawekwe kwenye ramani. Mwaka 2010, Urusi ilipoungua majira yote ya kiangazi chao na vijiji kuteketea, watu wa huko waliichukua programu hiyo na kutengeneza ramani ya msaada. Upande mmoja uliandika kinachohitajika, upande wa pili uliandika ninachoweza kutoa: gari, koleo, nguo, nafasi ya kulala. Na hata wao, pamoja na ramani nzuri hivyo, walilazimika kuwaweka watu wa kukaa kwenye simu na kuunganisha upande huu na ule, maana pande hizo mbili hazikukutana zenyewe.

Tumeiga mgawanyo huo. Kwenye gurupu la mazungumzo kuna ujumbe uliobandikwa juu wenye vichwa viwili, TUNAHITAJI na NINAYO, na dada mmoja mwalimu ndiye anayeunganisha. Tayari tumepata pikipiki mbili za kubeba maji hadi mwisho wa barabara, na mama lishe aliyesema sufuria zake zote ni za kazi hii moto ukizuka.

Jambo la pili ni satelaiti. Mfumo wa FIRMS wa NASA, shirika la anga la Marekani, unaoonyesha mioto kwenye ramani, uko wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti na hutuma barua pepe ukijiandikisha na kuchagua eneo lako. Kifaa cha VIIRS kilichoko kwenye satelaiti kinatambua joto kwa miraba ya mita 375, na MODIS, cha zamani zaidi, kwa miraba ya kilomita 1. Taarifa huonekana kwenye ramani ndani ya saa tatu hivi tangu satelaiti ipite. VIIRS hupita kwetu karibu saa 7 na nusu mchana na tena saa 7 na nusu usiku. Hapo hapo kuna mipaka ambayo lazima kila mratibu aishike. Moto uliozuka saa 9 alasiri unaweza usionekane hadi usiku wa manane. Wingu likiwa limelala msituni, na hapa hulala kila siku, joto halipenyi. Na ile nukta nyekundu ni katikati ya mraba. Moto wenyewe unaweza kuwa mgongo mwingine wa kilima. Kwa kijiji, jicho la mama anayekata majani linaishinda satelaiti. Kwa kule juu kwenye vichaka vya erika, ambako hakuna anayeishi, na ambako moto hushika hata majani mabichi kwa sababu ya mafuta yake, satelaiti inatuzidi. Tunazitumia zote mbili, kila moja mahali pake.

Septemba, moto wa kwanza

Naandika usiku huohuo, mikono bado inanuka moshi.

Saa 8 mchana mama mmoja mzee alimpigia mpokezi wake kwa kitochi. Mpokezi hakuandika, aliweka simu mbili pamoja, akarekodi sauti ya mama moja kwa moja na kuituma. Nimeisikiliza tena sasa hivi. "Mwanangu, mimi niko juu ya mfongo wa zamani. Ng'ambo ya korongo kuna moshi, si wa mtu anayepika, ni mzito na umelalia juu. Unakwenda kulia kwangu nikiwa nimeupa mgongo mji. Nyuki wamenipita wengi. Mimi nashuka, nitakaa kwenye mti ule mkubwa wa mruka mpaka mje." Wapi, unakwenda wapi, unaunguza nini, na yeye atakuwa wapi. Hata wale nyuki walikuwa taarifa: mtu alikuwa anarina asali kwa moto wa mwenge.

NAONA ilitoka mara moja. Askari wa zamu alijulishwa kwa simu ya kawaida. Mpokezi wa kitongoji cha pili alithibitisha kutoka upande wake, tukapata mistari miwili ya kuona inayokatana, na kwenye karatasi ya manila tukajua ni mgongo upi. Kisha KAENI.

Uwanja wa shule ulijaa. Hapo ndipo kaunta buku, daftari letu kubwa la majina, ilipofanya kazi. Kila anayetaka kupanda anasimama mezani, anaandikwa jina, kitongoji, namba yake, namba ya mtu wa nyumbani na mwenzi wake wa kupanda. Hakuna anayepanda bila mwenzi. Kila ukurasa ukijaa unapigwa picha na kutumwa gurupu la waratibu, ili daftari likiungua au likipotea majina yabaki. Vijana wawili wenye jezi walirudishwa nyumbani kubadili, na walirudi na mashati ya kaka zao. Wapo waliolalamika kusubiri. Moto ulikuwa unaonekana kwa macho, ukipanda kwa upepo wa alasiri, na kuutazama tu huku umekaa ni kazi ngumu. Kijana mmoja aliuliza, "Afande, bado tu?" Askari akamwambia, "Bado. Kula."

Saa 12 na nusu jioni upepo ulilegea. PANDENI ilitoka kwa timu mbili tu, wengine wakabaki akiba. Njia ya moto ilianza kukatwa kwenye mfongo wa zamani, kwa sababu unyevu ule ulikuwa ukuta wa kuegemea mgongo. Usiku upepo ukigeuka na kushuka, moto usiweze kuzunguka nyuma yetu. Kutoka hapo walifyeka na kukwangua udongo kwa majembe na reki kufuata ubavu wa moto, wakipiga miale midogo kwa matawi mabichi. Mtu wa kuangalia alikaa mgongoni mwa kilima na tochi, simu yenye mtandao, na kitochi cha akiba. Alituma sauti kila baada ya muda mfupi. Mara mbili alisema "upepo umegeuka", na mara zote mbili timu ilirudi kwenye mfongo bila kubishana.

Usiku wa manane ulikuwa umezungukwa. SHUKENI ikatolewa kwa kundi la kwanza, na majina yakaanza kupigwa alama mezani. Jina moja halikupigwa. Kijana wa bodaboda, simu yake haipatikani, na mwenzi wake naye haipatikani. Watu walikuwa wamechoka na kuna waliosema watakuwa wamekwenda kulala. Mwalimu wa daftari alikataa kufunga ukurasa. Tukapiga namba ya nyumbani iliyoandikwa: hayupo. Wawili wakarudi juu na askari. Zaidi ya saa nzima ikapita, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote za mradi huu hadi sasa. Kisha kitochi kikaita kutoka kijiji cha pili: mwenzi wake aliteguka kifundo cha mguu, kijana wa bodaboda akambeba mgongoni kwa njia ya kilima kingine iliyokuwa karibu zaidi, akamfikisha zahanati, simu janja zote mbili zikiwa zimezima chaji. Aliazima simu ya mlinzi.

Bila lile daftari tungejua lini? Pengine asubuhi, mama yake alipoanza kupita nyumba hadi nyumba.

Septemba, siku zilizofuata

Moto unaoonekana umekwisha. Unaobaki chini haujaisha: udongo wa kule ni majani yaliyooza kwa miaka mingi, unaungua polepole kwenye mizizi na kuibuka siku ya tatu kama haujachimbuliwa. Kazi hii ni ya ndoo, jembe na kiganja cha mkono, unapapasa ardhi kutafuta joto. Ujumbe wa kuomba zamu za kulinda majivu ulipata alama nyingi za dole gumba na watu wachache. Waliokuja zaidi ni kina mama wa vibanda, waliofunga maduka kwa zamu. Natamani picha zao zingezunguka mitandaoni kama zilivyozunguka za miale.

Mabadiliko mawili yamepitishwa. Kila timu lazima iwe na angalau kitochi kimoja chenye chaji, maana hudumu siku kadhaa wakati simu janja inakufa jioni. Na kushuka kwa njia nyingine kunaruhusiwa, ila unapiga simu mezani kabla ya kugeuka, au unamtuma mtu.

Oktoba

Mwezi wa uvumi. Jumanne moja simu zilianza kulia kutoka Dar es Salaam, Arusha, hata Marekani: "Nimeona mlima unaungua, mama yupo salama?" Picha ilikuwa ya 2020. Kila kiangazi inafufuka, na mtu anaituma kwa nia njema kabisa, kwa hofu ya nyumbani. Lakini mchana ule wapokezi walishinda wakijibu simu za ndugu, na kama moto wa kweli ungezuka saa hiyo laini zote zilikuwa na watu.

Tumefungua ukurasa wa Facebook kwa ajili ya walio mbali. Kama kuna tukio, taarifa inawekwa asubuhi na jioni. Kama hakuna, inaandikwa hakuna moto, na tarehe. Hilo la pili ni muhimu kama la kwanza. Picha inayoletwa kwetu bila saa, mahali na jina la aliyeipiga haipandishwi na haisambazwi na mratibu yeyote. WhatsApp yenyewe inaonyesha ujumbe uliosambazwa mara nyingi kwa mishale miwili, na tumewafundisha wapokezi kuiangalia mishale hiyo kwanza kabla ya picha. Mtendaji wa kijiji alisoma kikaoni pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayetangaza taarifa anazojua ni za uongo. Sipendi kuwatisha watu kwa sheria, hasa wenye hofu ya kweli, lakini ni haki yao kuijua.

Michango imeanza kuulizwa. Tumeamua fedha zisizungumzwe kabisa kwenye gurupu la matangazo wala la wapokezi. Zina kamati yake, zina risiti, na zinasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Gurupu la kuokoa watu likishaingia ugomvi wa fedha, watu wanajitoa, na anayejitoa tunakuwa hatuna namna ya kumwita.

Mrina asali alijitokeza mwenyewe kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sitamwandika jina. Amekubali kujiunga, na ameleta wenzake. Wanaijua misitu ile kuliko sisi sote, na wanafahamu kila mzinga ulipo. Tunatafuta mabomba ya moshi ya kufugia nyuki ili waache mienge. Nilitaka hili liandikwe kwa sababu kuna waliotaka apelekwe polisi kwanza, na kama angepelekwa, mrina asali atakayefuata akiangusha mwenge angekimbia badala ya kupiga simu.

Novemba, vuli imeanza kunyesha

Mvua imefika, hatari imepungua hadi Januari na Februari, kile kiangazi kifupi ambacho watu hukisahau. Kazi za kufanya kabla yake zimegawanywa hivi.

Njia ya kufyeka pembezoni mwa vihamba vya mwisho itafanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kitongoji kwa kitongoji, kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba. Mwalimu anaandika upya orodha ya namba, kwa sababu watu wanabadili laini na karibu kila mpokezi ana namba moja iliyokufa kwenye karatasi yake. Askari wa hifadhi ameomba timu moja ifundishwe kuwasha moto wa kuulaki ule mkubwa, yaani kuunguza mbele yake ili ukifika ukose cha kula, na tumekubali kwa sharti kwamba unawashwa na yeye au mwenzake tu.

Krismasi watoto wote wa Uchagani wanarudi nyumbani, na barabara zinajaa magari ya Dar. Tarehe 27 Desemba, kabla hawajaanza kuondoka, kuna mkutano uwanja wa shule. Watakaokuwepo wataandika namba zao kwenye kaunta buku jipya, upande wa NINAYO. Tunahitaji vitochi vinane vyenye betri nzuri, tochi za kichwani, mashati ya pamba ya mikono mirefu ya saizi zote, viatu vya ngozi vilivyotumika, mabomba ya mgongoni manne na mabomba ya moshi ya nyuki. Jezi tafadhali msilete.